Mwanamieleka Aliyeombewa Macho

Lambros Skourtis alivua kofia kuusalimu mti wa kutundikia makoti.

Aliinama kidogo, akauambia habari za mchana kwa Kiingereza chake cha kiwandani, kisha akauuliza kama mke hajambo. Mti wenyewe ulikuwa umevaa koti refu na kofia ya Bwana Hanrahan, Mwairishi aliyekuwa akituandalia mieleka pale Lowell, mji wa viwanda wa Marekani. Hanrahan alikuwa ameketi kando yangu, shati tupu, akinywa kahawa ya Pelopidas, mwenye mkahawa, na kukunja uso kama mtu aliyelambishwa shubiri. Mkahawa mzima ukaangua kicheko. Hanrahan akacheka kuliko wote, akapiga meza. Lambros naye akacheka, akaupa mti mkono.

Mimi kicheko changu kilikatika njiani. Nilikuwa mchua misuli wake, na mgongo wa Lambros nilikuwa naujua kuliko uso wangu, jambo ambalo si ajabu ukiuona uso wangu. Mgongo ule ulikuwa umekakamaa kama ubao.

Nilimfuata uani, penye mapipa ya mizeituni.

"Binamu, mzaha mtamu. Haya niambie, leo nimevaa nini?"

"Umevaa upumbavu wako wa siku zote, Nikiforos."

"Wa rangi gani?"

Akageuza kichwa kama kuku anayetafuta punje. "Kijivu."

Nilikuwa nimevaa fulana nyekundu kama jogoo aliyechinjwa.

"Tangu lini?"

"La kushoto tangu Kwaresima. La kulia linafuata. Ni ndugu, yataachana vipi?"

Nikamshika kidevu, nikamwelekeza juani, nikapindua kope. Yalikuwa maradhi ya vikope. Ndani kulikuwa kwekundu, kumejaa vinundu kama mayai ya samaki, na utando ulikuwa umeanza kuteremka juu ya mboni kama pazia la duka linalofungwa. Maradhi yale tuliyajua sote tuliokula mkate wa ulingo. Turubai moja linalaliwa na wanaume kumi, jasho la huyu linapanguswa kwa taulo la yule, na hakuna aliyewahi kulifua turubai tangu liliposhonwa. Ukilazwa kifudifudi ukasuguliwa uso pale, unainuka na mali za watu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Una masikio kama koliflawa na mdomo kama soko." Akajifuta machozi kwa kiwiko, siku hizo macho yake yalikuwa yakilia yenyewe, hayamsubiri mwenyewe ahuzunike. "Binamu, meli imeshatoka Patra."

Hapo nikakaa juu ya pipa.

Melini mlikuwa na Garufalia, mkewe, na Asimina, binti yao. Lambros aliondoka kwetu Ugiriki, milimani Arkadia, mtoto akiwa bado tumboni, na miaka yote hiyo amemjua kwa kusimuliwa tu. Sasa wanakuja. Na kila aliyepitia kile kisiwa cha New York anajua utaratibu: mwanamke haachiwi aingie nchini peke yake. Mume lazima aje mwenyewe, asimame mbele ya afisa, aonekane ni mzima, ana kazi, na awe na mtu wa kumshuhudia. Hanrahan alikuwa ameahidi kwenda naye. Pale kisiwani neno la Mwairishi mwenye saa ya mnyororo lilikuwa na uzito kuliko viapo vya vijiji vitatu vya Kigiriki. Hanrahan akijua kwamba mwanamieleka wake haoni, hakuna kazi. Bila kazi hakuna shahidi. Bila shahidi, mke na mtoto wanarudishwa kwenye meli ileile. Na kama hayo hayatoshi, vikope ndiyo maradhi ambayo madaktari wa kisiwani huyatafuta kwa kupindua kope za watu kwa ndoana ya kufungia vifungo vya viatu.

"Sikuja nayo," Lambros akasema. "Wameniambukiza hapahapa, kwenye turubai lao. Lakini nenda kawaeleze."

Tukaanza kuficha. Bibi Stamata, mkunga wa mtaa wetu wa Market, akawa anamsugua ndani ya kope kwa jiwe la mrututu. Umeshawahi kutiwa mrututu kwenye kidonda? Basi kitie jichoni. Mwanamume aliyekuwa akimbeba ndama begani kwa kujifurahisha aliuma mkanda wa ngozi, akapiga visigino sakafuni, na Bibi Stamata juu ya kifua chake anamgombeza: "Tulia, zee zima! Wanawake huzaa bila kelele hizi!"

Na ulingoni? Ulingoni palikuwa rahisi kuliko unavyodhani. Nitakuambia jambo ambalo enzi zile ningeng'olewa meno kwa kulisema: mieleka yetu ilipangwa. Nani atabwagwa, lini, kwa kabari gani, yote tulikuwa tumeyamaliza mchana. Tukishashikana, mikono ndiyo iliyokuwa ikizungumza. Kifundo cha mkono kikibanwa mara moja, maana yake tubadilishe. Mara mbili, nibwage sasa. Kiganja kikilegea, nimechoka, nipe nafasi nivute pumzi. Mtazamaji anaona mafahali wawili wanataka kuuana, kumbe wanaulizana kama chakula cha jioni kimeshuka. Kazi hiyo haihitaji macho. Tatizo ni lile la mwanzo tu: kumpata mtu wa kumshika.

Tukamweleza Bolek, Mpolandi mkubwa mwenye shingo kama gogo, ambaye ndiye aliyekuwa akishindana na Lambros kila Jumamosi.

"Yaani kipofu amekaa," Bolek akasema, "na mimi nimpelekee mwili wangu mpaka mkononi? Kama mhudumu na sahani?"

"Ndiyo hivyo."

"Halafu ni mimi ninayeangushwa?"

"Ni wewe."

"Mama Maria! Na bakshishi hakuna."

Lakini alikubali, kwa sababu naye alikuwa na mke ng'ambo. Akawa anaingia ulingoni akikoroma kama fahali na kukanyaga mbao kwa visigino, ili Lambros asikie anakotokea. Watu walipenda kupita kiasi! Wanawake wa kiwanda cha nguo walikuwa wakija kumzomea tu. Gazeti la mji likaandika kwamba Mpolandi ana hasira ambazo hazijapata kuonekana katika bonde la mto Merrimack. Bolek akalikata lile gazeti akalituma kwao, ingawa huko hakuna aliyejua Kiingereza.

Tungefika hivyo. Haki ya Mungu tungefika, kama si Bibi Stamata kupungukiwa na imani katika mrututu wake. Alikwenda kwa Padri Sofronis, akamwomba amwombee Lambros. Kimyakimya, alisema. Lakini Padri Sofronis alikuwa na sauti moja tu, ile ya kuamshia wafu. Jumapili, katikati ya Liturujia, kanisa limejaa mpaka ngazini, tukamsikia:

"Na kwa ajili ya macho ya mtumwa wako Lambros, yanayozimika, tumwombe Bwana!"

"Bwana hurumia," watu wakaitikia kwa mazoea. Kisha shingo zote zikageuka kwa pamoja. Lambros alikuwa amesimama kando ya nguzo. Akaikumbatia.

Nje, Pelopidas wa mkahawa akatukusanya. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sharubu zilizomtangulia kila mahali.

"Siri hii imeingia kaburini," akatangaza.

"Kaburi lenye watu mia nne," nikasema.

"Sisi ni Wagiriki, bwana Nikiforos! Nje haitoki!"

Na kweli haikutoka, maana ilikuwa bado ni ya Kigiriki. Watu wakawa wema mno. Wakawa wanamvusha Lambros barabara hata pale asipotaka kuvuka. Mmoja akimkatia nyama, mwingine akimwelekeza namna ya kuitafuna. Yeye alikuwa akitabasamu, halafu akija kwangu kuchuliwa anazika uso kwenye mto. Siku moja ndipo aliponiambia, "Binamu, sitaki macho ya kuzeeka nayo. Nataka ya siku moja tu. Nimwone anafananaje."

Nikaendelea kumchua mabega.

Jumamosi ya mwisho ikafika; Jumatatu yake meli ilikuwa ikitazamiwa bandarini. Hanrahan alikuwa ameshanunua tiketi zetu za treni, mbili za daraja la tatu na moja ya kwake yenye kiti cha mahameli. Bolek akaingia chumba cha kubadilishia nguo amefunga kitambaa usoni. Akakifungua. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya sungura, kope zimevimba, zimegandamana kwa usaha.

"Haya, tazama," akaniambia. "Wewe unayeona."

"Bolek..."

"Nyamaza, mchua matako wewe. Nilikwambia nakwenda kumpelekea sahani. Sikusema naye anijazie!" Akamgeukia Lambros. "Uko wapi, Mgiriki?"

"Niko hapa."

"Nina watoto watatu kule. Watatu! Na mimi nitawaita lini, eh? Nitawaita kwa kupapasa?"

Lambros alisimama na mikono imening'inia. "Nipige," akasema.

"Nikupige nini. Hata kukwepa huwezi, haina raha." Bolek akajifunga kitambaa tena. "Sitamwambia Hanrahan. Lakini kwenye turubai lile sirudi, hata wakilitandaza mbinguni." Akatoka. Kwa Hanrahan alisema amevunjika kidole.

Hanrahan hakuwa mtu wa kukosa mtu. Baada ya muda mfupi alikuja na kijana wa shamba kutoka Vermont, aitwaye Orrin, mwenye mabega kama mlango wa ghala na uso wa ndama.

"Nimeshamwambia," Hanrahan akatutuliza. "Asimame, angoje kukamatwa, aanguke. Hata ng'ombe anaweza."

"Anajua lugha ya mikono?" nikauliza.

"Anajua kukamua. Tuanze."

Ukumbi ulikuwa umefurika. Upande wa mashariki walikaa Wagiriki, upande wa magharibi Wagiriki, na Waairishi katikati kama nyama ndani ya mkate. Pelopidas alijinunulia kiti cha mbele, ubavuni mwa Hanrahan. Kengele ikalia. Orrin akaenda katikati ya ulingo, akasimama kama alivyoagizwa, na akangoja. Aliingia na soksi za sufu. Hakukoroma, hakukanyaga, hata kupumua alipumua kwa adabu.

Lambros akatanua mikono, akanyata, akarukia. Akaikamata nguzo ya kona, akaikaba vizuri sana.

Waairishi wakacheka. Orrin naye, mtoto wa watu, akatazama huku na huku kama anayejiuliza nguzo imekosa nini.

"Nyuma yako," nikasema kwa Kigiriki, midomo imefungwa. "Hatua tatu. Kushoto kidogo. Kidogo nimesema, Lambros! Hapo."

Mkono wake ukagusa bega la kijana. Basi. Ungeona! Ilikuwa kama taa imewashwa ndani ya mwili ule. Mikono ikateremka, ikapata kiuno, ikapata paja, na lile jitu la Vermont likapaa, likageuka hewani, likatua mgongo chini. Mweleka wa kwanza kati ya mitatu. Sijawahi kuona mweleka safi kama ule, na nimeona mingi, mingine nikiwa chini yake. Kofia za Wagiriki zilijaa hewani. Nilimpangusa Lambros jasho pale kwenye kona.

"Mmoja bado," akaniambia. "Mmoja tu, Nikiforos, na Jumatatu nakwenda."

"Sikiliza sauti yangu."

"Naisikia."

Kumbe hakuisikia yeye peke yake. Wale wa viti vya mbele walikuwa wamenisikia nikimwelekeza, na wazo likapita ukumbini kama moto kwenye nyasi kavu: ikiwa sauti moja ya mchua misuli imefanya haya, sauti mia za wenye akili zitafanya nini? Sisi kwetu hakuna kitu kinachofanywa na mtu mmoja ambacho mia hawawezi kukiboresha.

Kengele ikalia. Orrin akasimama akangoja.

"Kushoto!" ukapiga kelele upande wa mashariki.

"Kulia!" ukajibu upande wa magharibi.

Wote walikuwa wakisema kweli, kila mmoja kwa pale alipoketi. Lambros akaenda kushoto, akasita, akaenda kulia.

"Kushoto, Lambros, kushoto, roho yangu!"

"Usiwasikilize hao wa Tripoli ya Arkadia! Kulia!"

"Mbele! Inama! Mshike mguu!"

"Mguu upi, punda wewe? Yuko nyuma yake!"

"Kushoto kwa nani?"

"Kwako!"

"Mimi sipigani!"

Nilipiga kelele mpaka koo likachanika, lakini ilikuwa kama kupiga mbinja ndani ya mashine za kufumia. Lambros alikuwa akizunguka palepale, mikono mbele, kichwa kikigeukia kila sauti. Uso wake nauona mpaka leo. Haukuwa uso wa mtu anayepigwa. Ulikuwa uso wa mtoto aliyepotea sokoni huku akiitwa na kila mtu isipokuwa mamaye. Mwanamke mmoja alikuwa akilia na kumwelekeza huku akilia. Walimpenda, na hilo ndilo lililomwangamiza, maana wangemchukia wangekaa kimya.

Waairishi nao wakamgeukia Orrin. "Wee ng'ombe! Umekufa? Mguse basi!" Masikio ya kijana yakawa mekundu. Lambros akapita karibu, akampapasa kifua, akakibana kifundo cha mkono wake mara mbili: nibwage au nikubwage, tumalize. Orrin akadhani anavunjwa mkono. Woga na aibu vikamwingia kwa pamoja, na mtoto wa shamba akiogopa hufanya lile analolijua. Akamnyanyua Lambros kama gunia la nyasi na kumtupa nje ya kamba, juu ya viti.

Niliruka kumfuata. Na nikiwa hewani, niamini usiniamini, nikamwona Pelopidas. Alikuwa amemshika Hanrahan bega, sharubu zinacheza kwa fahari, anamwambia kwa Kiingereza chake cha kuuzia sukari:

"Unaona, bwana? Unaona mtu wetu? Haoni kitu! Kipofu kabisa! Na mmoja ameshabwaga! Mtu wenu mwenye macho mawili anaweza hivyo?"

Hanrahan alishusha sigara yake polepole.

Mweleka wa tatu haukupigwa. Watu waliambiwa Lambros ameumia mbavu. Mtaani kwetu hakuna aliyekubali kwamba alikosea. Hadi leo ukitaka kuona ngumi mkahawani, uliza tu kama Orrin alikuwa kushoto au kulia.

Hanrahan alikuja chumbani peke yake, akafunga mlango. Akawasha kiberiti mbele ya uso wa Lambros, akakisogeza upande mmoja. Macho ya Lambros yakabaki palepale yalipokuwa, yakimtazama Hanrahan kwa heshima mahali ambapo hakuwapo. Kiberiti kikamuunguza mwenyewe vidole.

"Tangu lini?"

"Leo tu," nikasema. "Amegonga kichwa."

"Usinifanye mjinga, Masikio. Bolek naye amegonga kidole?"

Lambros akainuka. "Bwana Hanrahan. Nifukuze. Nifukuze sasa hivi, ni haki yako. Lakini Jumatatu twende. Sema maneno mawili tu mbele ya afisa. Baadaye nitakufagilia ukumbi. Nitalala mlangoni kama mbwa."

"Niape mbele ya serikali kwamba kipofu ni mwanamieleka wangu?"

"Kwa nusu saa."

Hanrahan alivua kofia, akaizungusha mikononi. Sitamsingizia, hakufurahia. "Nina wanaume kumi wanaolalia turubai lile, Lambros. Kumi. Ulijua, ukaendelea kuwalaza humo."

Lambros akaketi tena. Hanrahan akaweka tiketi mbili za daraja la tatu juu ya benchi na kutoka na ile yake ya mahameli. Usiku uleule turubai lilichomwa moto nyuma ya ukumbi. Wagiriki walikwenda kuota moto wake, maana palikuwa na baridi.

Jumatatu tukaenda hivyohivyo, mimi na yeye. Nilimnyoa, nikamfunga tai, nikamwosha macho kwa maji ya chumvi, na mikono nikamsugua kwa sabuni kali mpaka ikapauka, kwa sababu ya mtoto. Njiani nilimfundisha: afisa akiwa mezani, tazama sauti yake, shusha kidogo. Akikupa kalamu, mimi nitaipokea. Alikuwa akiitikia tu. Mikono aliishikilia mgongoni kama mfungwa.

Kisiwani kuna ukumbi ambamo jamaa wanangojea upande wa pili wa wavu. Afisa alikuwa na ndevu nyekundu na usingizi. Mkalimani alikuwa Mgiriki wa Corfu aliyejiona Mwingereza. Mimi nilizuiwa kwenye wavu.

"Mwambie atuonyeshe mkewe," afisa akasema.

Ndiyo desturi yao. Kuna wanaume huja kuchukua wake wasio wao. Kwenye benchi walikaa wanawake saba au wanane wenye vilemba vyeusi. Garufalia alikuwa wa mwisho, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, na kando yake kitoto chenye koti kubwa. Garufalia alimtazama yule mwanamume aliyeletwa, masikio yaliyopondwa, pua iliyohama, macho yanayochuruzika, na nikaona wazi kwamba hakumtambua. Aliangalia nyuma yake, kana kwamba Lambros halisi bado anakuja.

Lambros akageuza kichwa kulia. Akageuza kushoto. Hatua moja akaipiga kumwelekea mwanamke mwingine kabisa, bibi kizee, akasita. Nilishika wavu kwa meno.

Kisha akashusha mabega. Sijui kama ni uchovu au ni heshima.

"Mwambie bwana," akamwambia mkalimani, "sioni. Mke wangu yumo humo. Mwulizeni yeye kama ananitaka."

Mkalimani akatafsiri. Usingizi ukamtoka afisa. Na Garufalia, aliposikia ile sauti, akainuka.

"Ni wangu huyo," akasema. "Uso siujui ni wa nani, lakini kiburi hicho ni chake." Akamwendea, akamsimamia mbele. "Kwa nini hukusema, wewe mwanamume?"

"Ungekuja?"

"Ningekuja na mama yangu, anajua dawa za macho."

Waliwapeleka kwenye chumba kingine, chenye watu watatu nyuma ya meza. Nikaitwa mimi, nikajitokeza kifua mbele: niko tayari kuwadhamini.

"Kazi yako?"

"Mchua misuli."

"Wa nani?"

Mkalimani akamwonyesha Lambros kwa kidole. Wale watatu wakatazamana, na haikuchukua muda. Mke na mtoto hawana wa kuwalisha, watarudi kwa meli ileile. Mume ameishi nchini miaka ya kutosha. Akitaka, anaweza kubaki.

"Abaki akafanye nini?" Garufalia akauliza, lakini hilo halikutafsiriwa.

Nauli ya Lambros ililipwa na Bolek. Ndiyo, Bolek yuleyule. Aliituma kwa simu ya maandishi, na pamoja nayo maneno haya: *Ondoka kabla sijabadilisha mawazo.* Siku ya safari niliruhusiwa kuwasindikiza mpaka kwenye kivuko cha kuwapeleka melini. Upepo ulikuwa mkali. Asimina alikuwa amebeba kikapu cha mikate, na alikuwa bado hajazoea. Alimtazama babaye kama mtu anavyotazama dubu wa maonyesho.

"Asimina," Lambros akamwambia. Mikono ilikuwa bado mgongoni. "Una sura gani, mwanangu?"

"Mama anasema yako."

"Maskini wee."

"Ya zamani," Garufalia akasema. "Kabla hawajaikalia."

Mtoto alifikiri. Kisha akampa babaye pindo la nyuma la koti lake, akatangulia. "Shika hapo. Usinivute."

"Shemeji," nikamwambia Garufalia, "mwoshe kwa maji ya chumvi. Na mtoto alale mbali, asimguse macho."

"Nimesikia. Na wewe tafuta kazi ya maana."

Walipanda. Lambros alikuwa akiinua miguu juu mno, kama anaruka ukuta kila hatua, na mkewe anamgombeza taratibu. Kivuko kikapiga honi, kikajitenga na gati. Nilimwona akigeuka, ameshika pindo kwa mkono mmoja. Akainua ule mwingine kunipungia, kwa nguvu zote, akiwa ameelekea rundo la magunia pale gatini ambako hapakuwa na mtu.

Nikakimbia kwenda kusimama pale.